Nakshi za Mfarishi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Siku kubwa! Nimekabidhiwa mfarishi.

Si kuushona, Mungu apishe mbali. Umekwisha kushonwa. Yaani uso wake: viraka vyote vimeungana, vinafunika kitanda kizima na kubaki vikining'inia. Mama Mkwe ameutengeneza kwa mabaki ya nguo alizowashonea watu maisha yake yote. Sare za wanafunzi, za wauguzi, za walinzi, majoho ya kwaya, hata koti la bwana mmoja ambaye hakurudi kulichukua. Macho yameanza kumwacha mkono. Ametangaza kwamba huu ndio wa mwisho, na ni wa mjukuu wake wa kwanza, binti yetu Kifungua, anayehamia mji wa baridi Jumamosi ya wiki ijayo kuanza kazi.

Kilichobaki: uso ulazwe juu ya pamba, pamba juu ya kitambaa cha chini, kisha cherehani ndefu ya Fundi ipite juu ya vyote kwa nakshi mpaka vishikamane. Nakshi gani? Hapo ndipo vita. Mama Watoto anataka mawimbi. Kifungua anataka mioyo, eti aliipenda tangu utotoni. Shemeji yangu, mpima viwanja, ambaye ukoo mzima unamwita Rula, anataka mistari iliyonyooka. Huyu hata chakula sahanini hukiwekea mipaka.

Mama Mkwe akachoka na makelele. Akasema kazi ya kuchagua anampa mkwe wake, kwa kuwa ndiye mchoraji hapa ndani.

Mchoraji! Miaka yote hii amekuwa akinitambulisha kwa wageni kama "yule aliyemuoa binti yangu", kwa sauti ya mtu anayetaja ajali. Rula alipaliwa, chai ikamtokea puani. Nimeona. Nimeihifadhi moyoni.

Ni kweli mimi ni mchora mabango. Kwamba siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, na mimi nimebaki kuandika MBWA MKALI kwenye mageti ya watu wasio na mbwa, hilo halipunguzi kitu. Mkono ni mkono.

Jioni nimepita kwa Fundi, chumba kile nyuma ya saluni. Mama mpana, miwani imening'inia shingoni kwa uzi wa cherehani. Akaniuliza nina mpango gani. Nikamwambia asubiri aone. Akanipa kipande kipana cha nailoni, ile inayoonyesha kama kioo. Niitandike juu ya mfarishi, nichore juu yake, nifute, nichore tena, mpaka niridhike. Akanipa na tepe nyekundu. Akasisitiza nizungushe tepe kwenye kingo za nailoni kabla ya kitu kingine chochote, jicho lijue nailoni inapoishia na nguo inapoanzia.

Nimemshukuru kwa adabu. Watu wazuri, mafundi, ila wana woga mwingi.

Mpango wangu: tausi! Katikati, mkia umefunuka hadi pembe zote nne. Rula atalia.

Jumanne, 4 Agosti

Asubuhi, nyumba tupu. Nimetandaza mfarishi sebuleni. Nailoni juu yake. Makapeni yangu nyeusi mkononi, ile nene ya kazi. Tepe nimeiacha mezani. Mtu aliyewahi kuandika jina la duka zima akiwa juu ya ngazi kwenye upepo, leo awekewe uzio kama mbuzi?

Kichwa cha tausi: safi. Shingo: safi zaidi. Mkia ukaanza kushuka, mkono ukashika moto. Unyoya, unyoya, unyoya! Nikawa naimba. Unyoya wa mwisho ukateremka hadi kona ya chini, upande wa kulia, ukaishia kwa mkunjo mtamu kuliko yote niliyowahi kuchora.

Nikainua nailoni nimtazame tausi kwa mbali. Tausi akaja na nailoni.

Unyoya wa mwisho haukuja.

Umebaki kwenye mfarishi. Kwenye kiraka cheupe cha joho la kwaya. Mweusi tii, na mkunjo wake mtamu.

Juu ya mlango wa kibanda changu cha kazi nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: WINO WETU HAUFUTIKI. Kwa miaka nilidhani ni tangazo tu.

Nimejaribu sabuni. Wino haukujishughulisha. Nimejaribu ndimu. Wino ukang'aa, kana kwamba ulikuwa na kiu. Nimejaribu spiriti. Hapo wino ukaanza kutembea. Sasa si unyoya tena. Ni kitu kama bata aliyeanguka kutoka juu ya paa.

Mama Watoto amerudi, akasimama mlangoni, akanusa, akauliza nani ameumia. Nimemwambia hakuna. Sikusema bado.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeamka na tumaini. Lisilofutika hufunikwa!

Nakshi si ni uzi? Uzi si una rangi? Basi: manyoya mazito, uzi mweusi, yaliyobanana kama meno ya kitana, pale konani. Bata atazama humo asionekane tena. Nashangaa kwa nini watu huita tatizo tatizo.

Nimeenda kwa Fundi. Nikamweleza kwamba rafiki yangu mmoja, hamjui, anaishi mbali, ana mfarishi wake, na angependa nakshi nzito konani tu, kwingine nyepesi. Fundi akavaa miwani ili anitazame vizuri. Akasema haiwezekani. Ukibana sehemu moja na kuachia nyingine, mfarishi unakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba shubiri. Mshono ubane sawa kote au uachie sawa kote. Nikauliza, je, rafiki yangu akibana kote? Akasema rafiki yangu yuko huru, ila aseme kama mfarishi ni wa kujifunika au wa kuezekea.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitaka. Kwamba viraka vikiwa na maneno mengi, nakshi inyamaze. Mfarishi wa namna ile umejaa watu. Usiwapigie ngoma juu ya vichwa.

Nikiwa mlangoni akaniuliza kama rafiki yangu huyo alizungusha tepe.

Nimejifanya sikusikia. Nimegongana na Rula nje, eti alikuwa akipita tu. Kupita wapi? Saluni? Mtu mwenye upara kama sufuria!

Alhamisi, 6 Agosti

Mama Mkwe ameitisha kikao. Anataka kuona nilikofika. Nimebeba mfarishi, nailoni na matumaini.

Tukautandaza juu ya meza yake kubwa ya kukatia nguo. Nikahakikisha kona ile iko upande wangu. Mama Mkwe haoni vizuri tena, lakini vidole vyake! Akaanza upande wa pili, anapapasa kiraka kimoja kimoja na kukitaja. Huyu mlinzi, kila mwezi suruali ilimbana akasema imeoshwa vibaya. Huyu muuguzi wa wodi ya watoto, alitaka mifuko mikubwa ya peremende. Huyu binti yangu, siku ya kwanza ya shule, alilia kwa sababu kola ilimwasha. Mama Watoto akacheka huku akijifuta jicho. Vidole vinazidi kuja. Mlinzi mwingine. Mwanafunzi. Vinakuja kwangu. Vinakuja konani!

Nikashika sinia la chai na kulitua juu ya bata.

Hakuna mtu, katika ukoo wowote, aliyewahi kutua sinia la chai juu ya mfarishi mpya. Mama Watoto alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunipeleka nikatibiwe. Nikasema mchoraji huhitaji kuona kazi yake ikiwa katika matumizi. Mama Mkwe akarudisha vidole, akavilaza mapajani, akasema sawa, mkwe, tueleze.

Nikahutubia. Nikasimama kabisa! Nikasema manyoya mazito, yaliyobanana kutoka pindo hadi pindo, uzi mweusi. Nikasema uimara. Nikasema heshima. Nikasema vitu vigumu ndivyo hudumu. Rula akaleta mistari yake, ameichora kwenye karatasi ya miraba na kuandika vipimo pembeni. Nikamwambia, shemeji, tunamfunika mtoto, hatumgawii kiwanja. Akaniambia, shemeji, afadhali kiwanja kuliko banda la kuku, kwa manyoya hayo. Mama Watoto akataja mawimbi yake kwa upole. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nikiwa wa kwanza.

Mwisho Mama Mkwe akaniuliza swali moja tu: utakuwa laini? Mtoto anaenda kwenye baridi peke yake. Atataka kitu cha kumkumbatia.

Nikasema utakuwa laini.

Nimeshinda. Manyoya yamepita. Lakini chakula cha jioni hakikupita. Nimekaa na sahani nikifikiria neno lile, laini.

Ijumaa, 7 Agosti

Fundi hashoni nakshi mpya bila kipande cha majaribio. Leo amekimaliza: manyoya yangu, uzi wangu mweusi, mbano wangu.

Akakisimamisha mezani. Kikasimama. Chenyewe!

Kifungua alikuwepo, alikuja kusuka nywele saluni. Akakiweka mapajani, kikakaa kama sinia. Akakigonga kwa kidole, kikaitika. Akaniuliza kwa sauti ya utulivu, "Baba, hiki nijifunike au nikitie bawaba?"

Wasusi walicheka mpaka mteja mmoja akaungua sikio.

Yeye hakucheka sana. Akanishika mkono tukitoka. Akasema mioyo ameiacha, si lazima, hata nakshi yoyote hadai. Anachotaka ni usiku ule wa kwanza kule, chumba kigeni, ajivutie mfarishi hadi kidevuni na ajisikie yuko nyumbani. Kisha akaniambia anajua nitachagua vizuri, kwa kuwa mimi ndiye baba yake.

Mambo kama hayo yanasemwaje kwa mtu mwenye bata konani?

Manyoya yamekufa. Nahitaji mpango mwingine. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi sijafa.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimepata! Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Mfarishi ni viraka. Bata ni doa. Doa huwekwa kiraka. Nani atahesabu kiraka kimoja zaidi?

Tatizo: kitambaa. Lazima kiwe kilekile cheupe cha majoho ya kwaya. Na duniani najua kipande kimoja tu cha kitambaa hicho kilichosalia. Shati langu la harusi. Mama Mkwe alinishonea kutokana na jora lililobaki baada ya kwaya. Niliolea humo nikinukia kama mwimbaji wa sauti ya nne. Limelala chini ya sanduku juu ya kabati tangu siku ile, kwa sababu tumbo langu na shati hilo hawazungumzi.

Nililitoa. Nikalitazama kwa muda. Likiwa mikononi ni dogo ajabu. Aliyekuwa analivaa alikuwa kijana mwembamba na muoga, aliyemwogopa mama mkwe wake hata kumwomba maji.

Nikakata sehemu ya chini nyuma, ile inayochomekwa suruali. Mkasi ulilia kwa sauti niliyoisikia tumboni.

Mama Watoto yuko sokoni. Nimeketi kitandani, mfarishi mapajani, sindano mkononi. Kushona si kazi ngumu, sijui kwa nini wanawake hulalamika. Nimejichoma kila kidole na kimoja nimekirudia. Lakini nimezunguka pande zote nne! Nimekata uzi kwa meno kama wanavyofanya. Nimesimama kwa ushindi.

Mfarishi ukasimama nami.

Nimeushonea kwenye suruali.

Ndipo mlango ukabishwa. Rula! Akabisha, akabisha, akaanza kuzunguka nyumba akichungulia madirishani, kama kawaida ya wapima viwanja. Ikabidi nifungue. Nikatoka nimejifunika mfarishi kuanzia kiunoni, na jua la saa nane likiwaka. Nikamwambia nina baridi. Akanitazama juu, akanitazama chini. Akasema, "Pole, shemeji." Kwa heshima kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimefumua. Nimeshona upya, safari hii mezani, bila suruali.

Kiraka kimekaa. Kimeelemea kidogo. Weupe wake umekuwa kama wa siagi. Ila bata haonekani! Ukisimama mlangoni na kufumba jicho moja, ni kazi ya fundi.

Jumapili, 9 Agosti

Siku ya kupumzika. Sikupumzika. Mama Watoto ameuliza mbona natembea nikichechemea kwa vidole vya mkono. Nimemuuliza inawezekanaje. Amesema ndiyo maana ameuliza.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika polepole, kwa sababu nataka niandike sawasawa.

Nilipeleka mfarishi kwa Fundi asubuhi na mapema, niwahi kabla ukoo haujajua. Nia yangu: nichague haraka nakshi yoyote nyepesi, Fundi apige, pamba na uzi vifunge kila kitu humo ndani milele. Niliingia nikipiga mluzi.

Mama Mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha Fundi.

Rula amesimama nyuma yake, uso wake umejaa huzuni ya kutengenezwa. Mama Watoto, aliyeniaga kuwa anaenda sokoni, yuko dirishani. Fundi anafuta miwani iliyokuwa safi.

Mama Mkwe akasema, mkwe wangu, lete niuage. Ukishaingia kwenye cherehani hautakuwa wangu tena.

Ningefanya nini? Hakukuwa na chai.

Akaanza kupapasa. Mlinzi. Muuguzi. Binti yangu. Mwanafunzi. Vidole vikaja konani, vikapanda juu ya kiraka changu, vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikapanda tena. Akauliza huyu aliyeshona hapa alikuwa anafunga gunia?

Rula akafungua kinywa. Mama Mkwe akainua kidole bila kugeuka, kinywa kikafungwa.

Nikasema ni mimi, Mama.

Alikuwa anakisugua kiraka kati ya vidole viwili, taratibu, kama mtu anayehesabu noti. Akakinusa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hili si joho. Joho halikulala sandukuni. Hili ni shati.

Nikasema ndiyo, Mama.

"La harusi?"

Nikasema ndiyo, Mama. Sehemu ya nyuma. Ile ya kuchomekea.

Ndipo akaanza kusema. Kwamba kila aliyemshonea, aliyebaki na aliyekwenda, yumo humu. Alipomaliza uso alijua kuna mmoja hayumo, na angejua kwa kuupapasa tu, kama mtu anayejua jino lililong'oka. Lakini hakutaka kuomba shati. Alidhani mkwe wake hawezi kulikata.

Nikasema hata mimi nilidhani hivyo.

Mama Watoto akageukia dirishani kabisa, akawa na shughuli nyingi na pazia.

Ningeacha hapo, ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini mwongo njia yake ni fupi, na yangu ilikuwa na bata mwishoni. Mama Mkwe akaingiza ukucha chini ya mshono wangu. Mshono haukupigana. Kiraka kikafunuka kama mlango wa kabati, na bata akatokea hadharani mbele ya ukoo.

Fundi akasogea, akasema basi rafiki yako hakuzungusha tepe.

Mama Mkwe akainamisha uso mpaka karibu aguse nguo, akitafuta kwa macho yaliyobaki. Akauliza ni mnyama gani. Nikasema tausi, Mama. Sehemu yake. Akatazama tena. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, nikapiga magoti. Anacheka! Alicheka mpaka akashika meza. Akasema kumbe ndicho kilichokuwa chini ya sinia. Alijua tangu siku ile kwamba kuna kitu: mtu mwoga kama mimi, ambaye kwake hata kikombe hukishika kwa mikono miwili, atue sinia juu ya kazi yake? Alijiambia asubiri, aone huyu mchoraji atatokea wapi.

Rula alisema kwa heshima ya mfarishi labda nakshi ipewe mtu mwingine, yeye yuko tayari. Mama Mkwe akamwambia akae.

Kisha akanipa sindano. Nikifumue chote, nikishone upya, pale pale. Akaketi kando yangu akipitisha kidole juu ya kila mshono nilioumaliza. Mkubwa, fumua. Umeenda likizo huo, fumua. Huo sawa. Wasusi wakaja kutazama kwa zamu. Mpaka adhuhuri kiraka kikalala kimya mahali pake, shati juu ya joho, bata amezikwa kwa heshima.

Ndipo akauliza. Haya, mchoraji. Bila kuficha kitu sasa, unaona nakshi gani?

Nikautazama mfarishi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa natazama nailoni, halafu kona. Niliwaona wote wamelala pale, walinzi na wauguzi na mtoto aliyewashwa na kola. Nikamwona yule muoga wa shati. Nikajua sitaki kumkanyaga mtu.

Nikasema mawimbi. Mapana, ya taratibu, yaliyoachiana nafasi ya kiganja, kutoka pindo hadi pindo. Uzi wa kijivu hafifu.

Mama Watoto, ambaye alisema mawimbi tangu Jumatatu ile ya kwanza, hakusema kitu. Sijawahi kumsikia akinyamaza kwa sauti kubwa hivyo.

Rula akasema mawimbi ni mistari iliyonyooka iliyokunywa kidogo, kwa hiyo wazo ni lake nusu. Nimemwachia hiyo nusu.

Jumatano, 12 Agosti

Fundi ameniruhusu kutazama, mikono nyuma. Cherehani ndefu inapita juu ya mfarishi kama mtu anayefyeka bila haraka. Wimbi, wimbi, wimbi. Pamba inavuta pumzi katikati ya mistari. Viraka havikukanyagwa hata kimoja.

Alipofika konani akasimama. Akachukua uzi mweupe. Bila kuniuliza, akachora juu ya kiraka cha shati unyoya mmoja mdogo, na mkunjo mwishoni. Hauonekani mpaka uupate kwa kidole. Akasema Mama Mkwe ameagiza. Tausi wa watu asiende bure.

Jicho langu liliingiwa na pamba. Chumba kile kina pamba nyingi.

Jumamosi, 15 Agosti

Kifungua ameondoka. Mfarishi haukuingia kwenye sanduku, ameubeba mkononi kama mtoto. Kituoni akaukunjua kidogo, akatafuta kona, akaipata, akaisugua shavuni mbele ya abiria wote. Laini! Mama Mkwe akauliza vipi. Akasema, "Bibi, unapumua." Wakashikana wakachelewesha gari.

Mama mmoja aliyekuwa akisindikiza mtu wake akauliza ni nani aliyetengeneza kazi nzuri vile. Mama Mkwe akasema kashona yeye, na nakshi imechaguliwa na huyu hapa. Akanishika bega. Akasema, "Mchoraji wetu."

Rula alikuwa amesimama karibu vya kutosha kusikia. Nilihakikisha.

Jioni ujumbe: amefika, baridi ni ya kweli, chumba ni kidogo. Anaweka kona ya unyoya upande wa kidevu.

Nimeusoma ujumbe huo hadharani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 16 Agosti

Habari kubwa! Rula amekuja mwenyewe, na kofia mkononi, upara wote nje. Mkewe amemaliza uso wa mfarishi wake. Nakshi zimewashinda. Amesema, na ninaandika kama alivyosema, kwamba labda shemeji angetusaidia.

Shemeji angewasaidia! Nimemwambia akae, nimempa chai, nimemwacha aombe mara ya pili.

Mfarishi wao ninao hapa sebuleni. Mweupe. Wote. Kuanzia pindo hadi pindo, mweupe kama maziwa, hauna hata kiraka kimoja chenye neno la kusema. Yaani unamlilia tausi. Mkia hadi pembe zote nne!

Fundi amesikia, sijui nani alimwambia. Ametuma nailoni. Ameizungushia tepe nyekundu yeye mwenyewe, pande zote, tabaka mbili, na juu yake ameandika jina langu.

Mama mzuri. Lakini nimejaribu, tepe inabana mkono, mkunjo wa mwisho haupati pa kupumulia. Nimeibandua.

Makapeni nimenunua mpya. Muuzaji ameapa kwamba hii haitoki hata kwa spiriti.